Picha ya Hodi

Inspekta alikwenda chumba cha picha kufuata kitu kidogo tu, bahasha ya filamu za mauaji ya dobi, yale ya miaka kumi na moja iliyopita. Wakili mmoja wa msaada wa kisheria alikuwa akijiandaa kuiomba mahakama ipitie upya hukumu ya kijana mmoja, mpaka rangi, aliyefungwa maisha kwa mauaji hayo. Mkurugenzi wa upelelezi akampa Inspekta wiki moja akusanye kila karatasi na kila picha, ili ombi lenyewe lizimwe kabla halijapata upepo. Kazi hiyo haikumnyima usingizi. Katika kesi zote alizowahi kupeleleza, hiyo ndiyo aliyojivunia waziwazi, na kila mwaka aliifundisha chuoni kwa makurutu. Kulikuwa na shahidi aliyeona kwa macho yake, kielelezo chenye damu ya marehemu, na mtuhumiwa aliyekiri kwa mdomo wake bila kuguswa hata ukucha.

Hilo la mwisho ndilo lililompa jina. Wenzake walimwita Mama Taratibu. Wapo waliotoka vyumba vya mahojiano wakikung'uta mikono kwa maumivu ya makofi waliyopiga. Yeye alitoka na vikombe viwili vya chai vitupu na karatasi iliyosainiwa. Jina likamganda, naye, tuseme ukweli, alilipenda.

Mpiga picha wa idara alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na jengo zima lilimwita Mzee wa Picha. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha, na mpaka leo kilinuka dawa za kusafishia filamu ingawa ofisi iliziacha siku nyingi. Filamu za zamani alizipanga ndani ya makopo ya biskuti, kila kopo na mwaka wake.

"Ya dobi hii hapa," alisema, akipuliza vumbi. "Ishirini na nne. Ukiweka na ya hodi, ishirini na tano."

"Ya nini?"

"Ya hodi." Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mkewe. "Huwezi kuingia kwa mtu hivi hivi, hata kama mwenyewe amelala chini na hajibu. Mimi nikifika, kabla mguu haujavuka kizingiti, napiga moja kutokea mlangoni. Hiyo ni kubisha hodi. Baada ya hapo naingia kazini, naanza kuhesabu moja, mbili, tatu."

"Na hiyo moja unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Albamu ya mahakama inaanza na namba moja. Ya hodi ni kati yangu na marehemu."

Inspekta alicheka. Kila mzee wa ofisi ile alikuwa na kichaa chake kidogo, na hiki kilikuwa cha adabu. Alitandaza kipande cha filamu juu ya meza yenye taa, akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Duka lile alilijua kama kiganja chake. Upande wa kushoto kamba za nguo, mbele meza ndefu ya kupigia pasi, dobi kalala chali kati ya meza na mlango. Na karibu na mlango, kwenye dimbwi la damu, pasi ya mkaa, ile ya zamani yenye kifungo chenye umbo la jogoo. Kielelezo namba tatu. Ndiyo iliyomuua dobi na ndiyo iliyomfunga mpaka rangi.

Katika picha ya hodi, pasi ilikuwa mezani.

Aliinua kichwa, akafikicha macho, akainama tena. Ilikuwa mezani, imekaa juu ya kibati chake, jogoo ameelekea dirishani. Pembeni yake kulikuwa na shuka nyeupe zilizokunjwa, karibu kiasi cha kugusana nayo, na shuka zilikuwa nyeupe kabisa. Karibu na mlango hapakuwa na kitu.

"Hii umeipiga mwisho," alisema. "Kielelezo kimeshachukuliwa, mtu akakirudisha mezani, ukapiga."

Mzee wa Picha hakuchukia. Alivuta kiti, akaweka kidole kwenye ukingo wa filamu. "Soma namba. Hii sifuri, hii moja. Filamu haijui kurudi nyuma. Tena tazama, marehemu hajafunikwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeagiza afunikwe." Kidole kikapanda ukutani, kwenye saa ya duka. "Hapa ni saa mbili na dakika kumi asubuhi. Sasa nenda namba moja. Saa ile ile, ukuta ule ule."

Saa mbili na nusu. Na pasi iko chini, kwenye damu.

Inspekta hakuhitaji kuambiwa yeye alifika lini. Daftari lake lilisema saa tatu kasorobo, na daftari lake halikuwahi kukosea dakika. "Kati ya hodi na namba moja, wewe ulikuwa wapi?"

"Garini, natafuta betri ya flashi. Ndani alibaki yule konstebo mgeni."

"Miaka kumi na moja, Mzee. Hukusema neno."

"Ningejuaje, mama? Filamu niliisafisha, nikakata, nikatia kopo. Ya hodi huwa sichapi. Siku ya tatu redio ikatangaza amekiri." Alishusha miwani. "Mtu akishakiri, nani anatazama picha tena?"

Swali lile Inspekta alikuwa na jibu lake, na hakulipenda.

*

Yule konstebo alikuwa ameacha polisi zamani. Sasa alilinda geti la hospitali, siku nzima akipandisha na kushusha kizuizi cha magari. Alipomwona Inspekta alipiga saluti ya utani.

"Afande, umekuja kuugua au kukamata?"

"Nimekuja kuuliza." Njiani alikuwa ametunga maswali sita, na yote sita yalikuwa na majibu ndani yake. Aliyatupa yote. "Niambie ulichofanya dukani kwa dobi, tangu ulipofika mpaka mimi nilipoingia. Anza popote."

Mlinzi alikuna kidevu. Gari la wagonjwa likapita, akapandisha kizuizi, akashusha. "Lile duka mlango wake ulikuwa na springi, unajifunga wenyewe. Mpiga picha anataka mwanga. Nikatafuta kitu kizito cha kuuzuia. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na tofali. Nikachukua pasi mezani, nikaitega mlangoni."

Aliyasema kama mtu anayeeleza alivyofunga kamba ya kiatu. Inspekta alishika nguzo ya geti.

"Endelea."

"Kumbe damu ilishafika pale. Nikajua nimeharibu. Nikasema, afande akija namwambia mara moja." Alicheka kidogo, cheko la aibu. "Ukaja. Ukapita juu yangu kama upepo, ukachuchumaa, ukaiona. Ukasema, 'Hii hapa.' Ulifurahi, afande. Mimi nina miezi mitano kazini, nimkatize bosi furaha yake?"

"Na baadaye?"

"Baadaye yule bwana akakiri kwamba alimpiga kwa pasi. Nikashusha pumzi. Nikasema kumbe kweli ndiyo yenyewe, alimpiga nayo kisha akairudisha mezani, nami nimeigusa kwa bahati mbaya tu. Sikukosea sana. Si ndiyo?"

Kwa sekunde chache Inspekta alilishika lile wazo kwa mikono miwili. Alimpiga, akaifuta, akairudisha. Lingeokoa kila kitu, kesi, mihadhara ya chuo, na jina lake. Alirudi garini, akafungua jalada juu ya magoti, akatafuta maelezo ya kukiri. Yalikuwa kurasa nne, kwa mwandiko wake mzuri ulionyooka, kila ukurasa na saini ya mtuhumiwa chini.

"Niliichukua pasi mezani nikampiga nayo mara mbili kichwani. Kisha nikaitupa karibu na mlango, nikakimbia."

Alisoma mstari ule mara tatu. Asubuhi ile muuaji alikwishaondoka na pasi iko mezani. Mtu aliyeua angeweza kusema nyundo, angeweza kusema nondo, angeweza hata kusema pasi nikairudisha mahali pake. Kitu kimoja asingeweza kukisema ni kwamba aliitupa mlangoni, kwa kuwa haikuwahi kutupwa mlangoni. Hilo lilikuwa kosa, na kosa hilo lilikuwa na mwenyewe. Lilizaliwa saa tatu kasorobo ndani ya kichwa cha Inspekta. Sasa lilikuwa kwenye karatasi, kama kumbukumbu ya mtu mwingine, na limesainiwa.

Alifunga jalada. Akawasha gari.

*

Bado alikuwa na shahidi. Alijiambia hivyo njia nzima. Kukiri kukiondoka, jicho lipo.

Fundi cherehani alikuwa bado palepale, kwenye kibaraza kinachotazamana na lililokuwa duka la dobi. Sasa liliuza simu. Mama wa watu alikuwa amezeeka kwa heshima. Miwani ilining'inia kwenye kamba, utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, na mguu haukuacha kukanyaga pedali hata alipompokea mgeni.

"Karibu, mdogo wangu. Vuta stuli hiyo. Yule jamaa hajatoka, sivyo?"

"Hajatoka, dada. Nataka unisimulie tena, lakini polepole."

Alisimulia kama alivyosimulia mahakamani. Kumepambazuka, yeye anatia uzi kwenye sindano, mwanamume anatoka kwa dobi mbio mbio, kola imesimama. Anageuza uso upande wa cherehani, kisha anapotea. Muda wote huo, kama wa kutia uzi. Na usoni, kwenye paji, madoa meupe ya rangi. Mwendesha mashtaka alikuwa ameyarudia yale madoa mara nne siku ile. Nani mwingine hutembea na rangi usoni kama si mpaka rangi?

Inspekta sasa aliyasikia kwa sikio jipya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkamata yule mtu saa sita mchana siku hiyohiyo, kitandani kwake, na uchovu wa pombe ya jana yake. Uso wake ulikuwa safi. Tena mwezi mzima alikuwa hana kibarua. Ndiyo maana alikuwa akinywa.

"Kwenye gwaride la utambulisho ilikuwaje?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nisimulie kama sikuwepo."

Mguu ulisimama juu ya pedali. "Wanaume wanane ukutani. Nilibabaika, mdogo wangu, sikufichi. Wa nne au wa saba, wa saba au wa nne. Nikataka kukwambia simjui. Ukanijia karibu, ukasema, 'Usiharakishe, dada. Huyo wa nne naona umemtazama sana.' Na kweli nilikuwa namtazama sana. Nikasema basi ndiye. Ukanishika bega, ukaniambia nimefanya vizuri mno. Usiku ule ndio nilipata kulala."

Kwenye jalada, kwa mwandiko uleule ulionyooka, ripoti ya gwaride ilisema: alimtambua bila kusita. Na Inspekta hakuwa amedanganya alipoandika. Mpaka asubuhi hii angeweza kuapa kwamba mama yule hakusita. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba hata yeye alikuwa akikumbuka kitu ambacho hakikuwa.

"Kwa nini ulimtazama sana wa nne?"

"Sura yake niliijua."

"Fumba macho, dada. Usifikirie mahakama, usinifikirie mimi. Mtazame tu, kisha uniambie unaona nini."

Fundi alifumba macho. Mkono wake ulibaki juu ya gurudumu la cherehani. "Namwona. Uso huu hapa. Madoa meupe kwenye paji, mengine puani. Ana kofia ya gazeti kichwani, ya kukunja. Anacheka na mtu. Yuko juu ya..."

Alifumbua macho.

"Juu ya nini?" aliuliza Inspekta.

"Ngazi," alisema fundi. Kichwa chake kiligeuka chenyewe, kutazama ukuta wa duka la dawa, hatua kumi kutoka kwenye kibaraza chake. "Walikuja kupaka pale. Siku tatu. Ilikuwa kama miezi miwili kabla ya dobi kufa. Alikuwa hapo juu, mdogo wangu. Nilikuwa namwona kila nikiinua kichwa."

Mteja alikuja na gauni la kupunguza, akatazama nyuso zao, akasema atarudi kesho.

"Kwa hiyo nilimjua," alisema fundi. "Nilimjua kweli. Ila si kwa..." Alivua utepe shingoni akauzungusha kwenye vidole, akauzungusha tena. "Nimemfunga mtu kwa sababu nilimjua sura?"

Inspekta alitaka kumwambia hapana, dada, hukumfunga wewe. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini yangemlazimu kusema ni nani. Alimshika bega, kisha akakumbuka mkono ule ulishafanya nini kwenye bega lilelile, akautoa.

*

Gereza lilikuwa na chumba kimoja cha wageni wa kiserikali. Kulikuwa na meza ya chuma, viti vitatu, na kuta za rangi ya maziwa zilizopakwa vizuri kuliko kuta za ofisi yoyote ya umma. Inspekta alielewa sababu mfungwa alipoingia. Kucha zake zilikuwa na rangi ileile.

Alikuwa na miaka ishirini na minne siku alipokamatwa. Sasa nywele zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Magerezani walimwita Rangi tu.

"Shikamoo, mama," alisema, na akatabasamu kwa moyo mmoja, kama mtu aliyetembelewa na shangazi.

Inspekta hakuweza kuitikia. Alimwonyesha kiti. Kwenye mkoba alikuwa na fomu aliyoiomba kwa wakili, ombi la mapitio, ambalo halikuwa na nguvu bila saini ya mfungwa. Wakili alimweleza kwa simu kitu ambacho mwanzoni hakukiamini, kwamba mara mbili alimpelekea Rangi fomu, na mara mbili Rangi akakataa kusaini.

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu nilifanya, mama. Si tulishamaliza hilo?" Alisema bila kinyongo. "Yule wakili ana moyo mzuri, ila anataka niseme uongo. Mimi nimeshatulia. Nililikubali kosa langu, nalala."

"Unakumbuka kumpiga?"

"Nakumbuka."

"Niambie. Sitakukatiza."

Rangi aliweka mikono mezani. "Alikuwa ameniunguzia koti la harusi ya dada yangu. Nilimtukana mbele za watu, nikasema nitamuua. Hilo kila mtu alilisikia. Jioni nikalewa. Asubuhi yake, kwanza nilikuwa sikumbuki. Wewe unajua, siku mbili nilikwambia sikumbuki. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba akili hufunga mlango kwa jambo zito, na kwamba mtu asiyekumbuka alikokuwa hawezi kuapa hakuwepo. Mwingine angenipiga. Wewe ulinivumilia."

"Nilikuvumilia vipi?"

"Ukaniuliza, kama ingekuwa ni wewe, ungeshika nini. Nikasema chupa. Ukatikisa kichwa, hukugomba. Nikasema mkasi. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia, fikiria kitu cha dobi mwenyewe, kitu kizito. Nikasema pasi?" Alitabasamu tena. "Ukanimiminia chai. Nikajua nimekumbuka. Kutoka hapo picha ikaanza kuja yenyewe, mpaka usiku nikaanza kuiota. Uzito wake. Jogoo wa pasi alinichana hapa."

Alinyoosha kidole gumba. Kovu lilikuwepo kweli, jembamba, jeupe.

Chai ile Inspekta aliikumbuka. Aliikumbuka kama wema, na kwa miaka kumi na moja aliwafundisha makurutu waige wema huo.

"Siku nilipokukamata, daktari alikukagua," alisema, akiitafuta fomu kwenye jalada. "Soma hapa. Mikono haina jeraha. Kidole hiki ulikichana baadaye."

Rangi alisoma. Alikigeuza kidole, akakitazama kama cha mtu mwingine. "Labda daktari hakuona."

Ndipo Inspekta alipoiweka ile picha mezani. Mzee wa Picha alikuwa ameichapa kubwa, ya kwanza ya hodi aliyowahi kuichapa maishani. Alieleza moja baada ya nyingine. Saa ya ukutani. Shuka nyeupe. Springi ya mlango na konstebo aliyehitaji kitu kizito. "Pasi haikumgusa dobi. Haikuwahi kutupwa mlangoni. Mimi ndiye niliyedhani hivyo. Nilikosea, kisha nikakupa kosa langu ulikumbuke. Na yule fundi cherehani alikuwa anakukumbuka juu ya ngazi, siku mlipopaka duka la dawa. Hukumuua dobi. Aliyemuua simjui. Yuko nje, na hakuna aliyemtafuta."

Rangi aliinamia picha, na kidole chake kilitembea polepole kutoka mezani hadi mlangoni, kikarudi. Askari wa gereza aliyekaa pembeni alikuwa ameacha kusoma gazeti lake.

"Lakini naikumbuka," Rangi alisema. Haikuwa sauti ya ubishi tena. "Mama, naikumbuka."

"Najua."

"Sasa kama hiyo si kweli, nitajuaje kipi ni kweli?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Inspekta hakujaribu kutafuta jibu kwa niaba ya mwenziwe. Alisukuma fomu mbele, na juu ya fomu akaweka karatasi nyingine, maelezo yake mwenyewe aliyoandika asubuhi, kurasa tano, yakiwa na jina lake, cheo chake, na kila alichofanya. Kwa karatasi ile angepoteza kazi, pengine na zaidi ya kazi. Hakumwambia hilo. Halikuwa jambo la kumwambia mtu huyu.

Rangi aliyasoma yote, bila haraka. Kisha akavuta kalamu, akauliza tarehe ya leo, akasaini fomu ya wakili kwa herufi kubwa za mtu anayeandika majina ya maduka. Alipomaliza hakuinuka.

"Mama yangu alikuja wiki ya kwanza," alisema. "Akaniuliza mara moja tu. Mwanangu, ni wewe? Zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu nitoke kwako. Nikamwambia ndiyo, mama, ni mimi. Hakuuliza tena."

Askari aliinamisha macho.

"Alitoka hapa akaenda moja kwa moja kwa mke wa dobi. Akapiga magoti uani, majirani wanatazama, akaomba radhi. Mwaka uliofuata, siku ileile, akaenda tena. Miaka saba alikwenda, ya mwisho akishikiliwa mkono na dada yangu kwa sababu miguu haikunjiki tena. Halafu akafa." Rangi aliinua uso, na tabasamu lilikuwa limeondoka, na bila lile tabasamu alionekana mtu mzima kabisa. "Alikuwa anaomba radhi ya nini, Inspekta?"